Ruhusa ya Bi. Umulkheir

Jumatatu, 1 Septemba

Nimeacha kazi ya shule. Rasmi! Nilisimama katika ofisi ya walimu nikawatangazia kwamba Swaibu amechoka kufundisha watoto tisini katika chumba cha watoto arobaini, na kuanzia leo atafundisha Uganda nzima kupitia simu. Hakuna aliyenyanyua kichwa. Walikuwa wanasahihisha.

Mpango ni huu. Kuna kampuni moja kule Ntinda inayotengeneza video za kuwaandaa watahiniwa wa kidato cha nne. Hawaajiri mtu, wanatupa vibarua tu, video moja moja. Lakini Akidi, yule dada anayesimamia video, amesema katika somo la Kiswahili atabakiza mwalimu mmoja, naye atarekodi masomo yote mpaka mtihani uishe. Tumebaki wawili. Mimi na Madamu Hortense, mwalimu aliyekuja kutoka Bukavu.

Nacheka hata kuandika. Hortense! Mtu anayesema "njo vile" na "muntu"! Mimi babu wa babu yangu alitoka Pangani na robota za nguo, akaoa hapa hapa Kampala, na Kiswahili kiko kwenye damu yetu mpaka leo. Hata ushindani huo ni kunivunjia heshima. Ila nikikosa kazi hii itabidi nirudi kwa mwalimu mkuu na kofia mkononi. Afadhali nikauze soksi sokoni Owino.

Jumanne, 2 Septemba

Nimerekodi somo la kwanza chumbani kwangu Wandegeya. Insha: Umuhimu wa kupiga kura. Nilivaa koti. Nilipendeza.

Tatizo ni kelele. Chini yangu wanatoa fotokopi, upande wa pili kuna mhubiri na spika yake, na dirishani kuna kijana wa rolex, zile chapati za mayai, anayepiga mayai utadhani yamemkosea. Akidi akanipigia simu. Akasema katika video hiyo mashine ya fotokopi imefundisha kuliko mimi.

Halafu akaniuliza kuhusu maandishi. Wana programu inayosikiliza anachosema mwalimu na kukiandika chini ya picha. Mimi naiita Mwandishi. Basi Mwandishi ameandika: "Kila laia ana haki ya kula." Nikamwambia Akidi mimi nilisema raia, na nilisema kura, na kwamba kompyuta ya Wazungu haijui Kiswahili. Akasema ya Hortense imetoka safi, bila kosa hata moja.

Upendeleo huo. Nimeuona mapema.

Alhamisi, 4 Septemba

Nimepata chumba! Kiko Lubaga, uani kwa Hajati Faridah, aliyekuwa rafiki wa marehemu mama. (Au Rubaga. Kibao kimoja kinasema hivi, kingine vile, na sijasikia mtu aliyepotea kwa sababu hiyo. Wanaonisumbua na l na r wakaseme na vibao kwanza.)

Chumba chenyewe ni cha ajabu. Kimya. Nilisimama ndani, nikaona bodaboda iliyokatika ekzosi ikipanda kilima, moshi mtupu, dereva anatetemeka mwili mzima. Sikusikia kitu. Nilipotoa kichwa nje ya mlango, ngurumo ikanipiga usoni. Nikarudisha kichwa, kimya. Nilifanya hivyo mara kadhaa. Nywele zilinisimama kidogo, lakini ni baridi ya sakafu.

Hajati hataki kodi. Alisema chumba kilikuwa cha shangazi yake, Bi. Umulkheir, aliyefundisha humo watoto Kurani na Kiswahili mpaka alipofariki. Mkeka wake bado umekunjwa ukutani. Bibi alikuwa na kanuni moja: mtoto hatoki mpaka aombe ruhusa, na aitamke vizuri. Akiikosea, anaambiwa tena. Hajati anakumbuka watoto waliobaki humo tangu alasiri mpaka mama zao wakaja kulia mlangoni.

Akanishika mkono akasema, "Ukimaliza kazi yako, ssebo, omba ruhusa. Sema wazi, asikie."

Nikamwahidi. Wazee unawaahidi tu.

Ijumaa, 5 Septemba

Baada ya swala nimerekodi somo la pili, mlango umefungwa. Msamiati wa sherehe. Nina mbinu yangu: nasema neno, nasema "Rudia baada yangu," halafu nanyamaza ili mtoto huko aliko ajibu. Mbinu ya kisasa kabisa.

Nikasema: karamu. Rudia baada yangu. Nikanyamaza.

Kwenye kioo cha kompyuta, Mwandishi akaandika: "Kalamu. Ludia baada yangu." Sawa, ujinga wake wa kila siku. Lakini mimi nikiwa nimefunga mdomo kabisa, akaandika neno jingine chini yake.

"Tena."

Nikatazama nyuma. Ukuta. Mkeka. Nikasema karamu tena, kwa sauti ya mtu asiyeogopa. Nikanyamaza. "Tena." Nikarekodi mpaka mwisho hivyo hivyo, maana mimi ni mtu wa kazi. Baadaye nikavaa visikilizi, nikasikiliza sehemu zile za kimya moja baada ya nyingine. Hamna sauti. Kuna kimya tu, ila ni kimya cha mtu anayesubiri. Mwalimu yeyote anakijua.

Kisha mlango ukakataa. Na mlango ule hauna kufuli! Hauna komeo, hauna kitasa, una tundu tu la kuingiza kidole. Nikavuta. Nikasukuma. Nikakumbuka, nikasema, "Naomba ruhusa." Hakuna. Nikaita mpaka koo likaniuma, na Hajati alikuwa anaonekana dirishani anaanika nguo, hageuki. Sauti yangu haikuwa inatoka nje.

Mwishowe alikuja mwenyewe na chai. Nikamsikia, sauti ya kwanza ya nje kupenya humo, akisema taratibu, "Shangazi, mgeni wangu anaomba ruhusa." Mlango ukaja wenyewe.

Nikamweleza kwamba mbao huvimba wakati wa mvua. Hajati akasema haijanyesha tangu wiki iliyopita. Aliniuliza kama niliomba. Niliomba! Nilisema ruhusa kama ilivyo. Akanitazama kwa huruma ambayo sikuipenda.

Jumatatu, 8 Septemba

Ushindi!

Video ya karamu imemshinda Hortense. Akidi alinieleza kwa sauti ya mtu aliyeokota kitu barabarani. Kumbe kampuni haihesabu wanaofungua video, inahesabu wanaoiangalia mpaka mwisho. Watoto wa Hortense huondoka katikati. Wangu hawaondoki. Hata mmoja.

Nimesoma maoni yao kwa raha. Mtahiniwa wa Mukono kaandika kwamba simu ilikataa kufunga video mpaka aliposema neno vizuri. Mwingine wa Masaka kaandika kwamba alipokosea aliona neno "Tena", akainuka aende zake, na miguu ikakataa. Mwingine kauliza tu: "Mwalimu, huyo bibi aliyekaa nyuma yako ni nani?"

Hakuna bibi nyuma yangu. Niliitazama video yote. Kuna mkeka tu, na kama umekunjuka kidogo chini, ni kwa sababu mikeka hukunjuka.

Nimemjibu kwamba azingatie masomo.

Jumatano, 10 Septemba

Nimetumia akili. Kabla ya kurekodi nikaweka jiwe kubwa la jikoni kwa Hajati kuuzuia mlango, nikaacha ufa wa kupitisha mkono. Ruhusa ya nini tena?

Nikarekodi. Nikageuka. Mlango umefungwa. Jiwe lilikuwa pembeni ya viatu vyangu, limewekwa sambamba navyo, vizuri, kama kiatu cha tatu. Sikusikia likiburutwa. Na mkeka ulikuwa chini, umekunjuliwa nusu, upande wa kukaa mtoto ukinielekea mimi. Niliogopa. Nakiri, kwa kuwa hakuna atakayesoma: niliogopa mpaka nikasahau jina la ngeli niliyokuwa nafundisha.

Hajati akaniombea ruhusa tena. Siku hizi anakuja bila kuitwa, anapomaliza kupika.

Jioni Akidi akapiga. Kuna mzazi wa Entebbe amelalamika. Binti yake alikaa na simu toka asubuhi, chakula kikapoa mara mbili, anarudia neno moja huku machozi yanamtoka. Mama alipomnyang'anya simu, mtoto akaendelea mbele ya ukuta. Akidi aliuliza kama nina habari nayo. Nikamwambia huko ndiko kusoma. Zamani tulichapwa.

Akasema, "Ticha, hii kitu yako naogopa. Lakini wakubwa wanapenda." Akasema Jumamosi nitafundisha mubashara, watoto wa nchi nzima wakiniona papo hapo. Nikifaulu, kazi ni yangu. Hortense atakuwa akiba.

Akiba! Nimeliandika neno hilo kwenye karatasi nikalibandika ukutani.

Jumamosi, 13 Septemba

Sitaki kuandika ya leo. Naandika.

Hajati alikuwa ametoka kwenda hospitali kumwona jirani. Sikujali. Nikawasha, watoto wakaingia, namba pembeni ya kioo ikapanda mpaka nikaogopa kuitazama. Mada: Kuomba kwa adabu. Niliichagua mwenyewe, wala sikufikiria.

Nikasema: Naomba ruhusa. Rudia baada yangu.

Mwandishi: "Naomba luhusa. Ludia baada yangu."

Kimya. Halafu: "Tena."

Nikasema tena. "Tena." Nikabadilisha mada. "Tena." Nikawaaga watoto, nikabonyeza kitufe cha kuzima. Hakikuzima. Namba ya watazamaji haikushuka hata kwa mtu mmoja. Maoni yakaanza kumiminika. Mwalimu, tuache. Mwalimu, sema vizuri twende. Mwalimu, mama ananiita na siwezi kuinuka. Nilisema ruhusa kwa kila namna. Nilisema polepole, nilisema kwa ukali, niliimba. Mkeka ulikuwa umeshafika miguuni pangu. Sikuuona ukija. Jasho lilikuwa linanitoka na chumba ni baridi, na nilijua kabisa, bila kugeuka, kwamba kuna mtu amekaa nyuma yangu ameweka mikono mapajani na ana muda wote wa dunia.

Wakati huo Akidi alikuwa amempigia Hortense, ambaye anaishi hapo chini karibu na kanisa kuu, aje aone kuna nini. Nikamwona dirishani, na kitenge chake na mfuko wa sombe, kisamvu chao cha Kongo. Alisoma kioo changu kupitia dirisha. Hakucheka. Angecheka ningemsamehe.

Akaja mlangoni, akasema, "Bibi, tunaomba ruhusa. Mimi, na huyu mwalimu, na batoto bote."

Ile r yake! Ilizunguka kama cherehani.

Mwandishi akaandika: "Nendeni." Mlango ukafunguka. Na namba ya watazamaji ikaanguka mara moja mpaka sifuri. Watoto wote wa nchi walikuwa wameinuka pamoja.

Hortense aliniletea maji. Akaniambia, "Mwalimu, hii nyumba haina mubaya. Huyu bibi anakungojea tu useme muzuri. Kuja, nitakufundisha. Ni kitu ya ulimi tu."

Mimi. Nifundishwe. Na Bukavu!

Jumapili, 14 Septemba

Kazi amepewa Hortense. Video zangu zote zimefutwa. Akidi alisema wazazi walipiga simu mpaka laini ikazidiwa.

Nikamwomba, nikamkumbusha namba zangu. Mwisho akasema, "Siku utatoka hapo ndani peke yako, bila mtu kukufungulia, nipigie. Tutagawa masomo nusu kwa nusu."

Nusu kwa nusu! Mlango bado uko wazi. Namaanisha wa kazi.

Jumanne, 16 Septemba

Nimepata wazo. Nilikuwa nanyoa ndevu likaja lenyewe, karibu nijikate.

Chumba kinataka sauti inayosema ruhusa kwa namna ya Hortense. Basi nitakipelekea sauti ya Hortense. Kwenye simu! Kwa nini nisumbue ulimi wangu wa Pangani?

Nikamwambia nimekubali kufundishwa. Alifurahi kweli. Tulikutana Wandegeya, kwenye kibanda cha katogo, ndizi zilizopikwa na maini, nyuma ya soko, akala kidogo akanifundisha sana. Aliniambia niinue ncha ya ulimi, niiache itetemeke, nisiilazimishe. Akasema hata yeye alipokuja hapa alichekwa kwa Kiswahili chake, alikaa chumbani akalia, na kwamba ukikubali kukosea mbele ya mtu mmoja tu, kazi imekwisha nusu. Akarudia neno kwa subira, mara nyingi. Nadhani alikuwa anasema mambo ya maana. Sikuyafuata yote, maana mkono ulikuwa mfukoni kwenye simu, na nilikuwa nachunga isije ikaita.

Nimepata: "Bibi, naomba ruhusa." Safi kama kengele. Nimeisikiliza kitandani mpaka nikalala na tabasamu.

Alhamisi, 18 Septemba

Niko chumbani Lubaga. Asubuhi. Hajati amekwenda Bombo kwenye harusi, atakaa. Amewaonya wote nyumbani wasiingie uani. Vizuri, sitaki shahidi wa kuniharibia. Nimemwandikia Akidi kwamba leo natoka peke yangu, akae na simu karibu.

Nimeingia, nimefunga mlango mwenyewe, nimewasha kamera ili ushahidi uwepo. Nimefundisha somo fupi la ngeli. "Tena" imeandikwa mara chache tu, nimeipuuza. Kisha nimesimama mbele ya mlango, nimetoa simu, nimebonyeza.

"Bibi, naomba ruhusa."

Na mlango umefunguka! Kidogo, upana wa kiganja. Kelele za bodaboda zimeingia, harufu ya mkaa, jua. Kitu kikanipita begani, chepesi, kama mtu anayejipenyeza kwa adabu. Mlango ukajifunga. Nikaangalia kioo. Mwandishi alikuwa ameandika: "Hortense, nenda, mwanangu."

Nikabonyeza tena. Simu haina sauti yake. Rekodi ipo, urefu ni ule ule, sahani za katogo zinasikika, na mimi nasikika nikisema, "Ludia, Madamu, ludia." Lakini yeye hayumo. Amepewa ruhusa, ametoka.

Kisha mstari mwingine: "Swaibu, kaa."

Nimekaa. Mkeka ulikuwa umeshatandikwa. Si mbaya, una joto kidogo mahali pa kukalia, kana kwamba mtu ameniondokea sasa hivi. Dirishani naona kamba ya nguo za Hajati, haina nguo. Simu imeacha kushika mtandao, na asubuhi ulikuwepo.

Nilikuwa na hofu. Sasa imepungua, kwa sababu nimefikiri. Kosa langu lote lilikuwa kumfuata Bibi anavyotaka yeye. Mjini hapa nani anasema kama yeye? Akidi anasema kama mimi. Mhubiri anasema kama mimi, na kijana wa rolex pia, na kibao cha Lubaga. Wengi wape. Bibi alifariki akiwa na matamshi ya kizamani, na hakuna aliyekuwa na ujasiri wa kumsahihisha. Anachohitaji ni mwalimu. Mwalimu ndiye mimi, na muda ninao.

Nimenyoosha koti. Nimegeuka kuelekea ukutani, nikaanza kwa upole, kama unavyoanza na mwanafunzi mgumu. Nikasema: Bibi, sikiliza vizuri. Ruhusa. Rudia baada yangu.

Nikanyamaza nimpe nafasi.

Mwandishi ameandika: "Bibi, sikiliza vizuri. Luhusa. Ludia baada yangu." Na chini yake: "Tena."

Ameomba nirudie. Dalili nzuri sana. Huyu ana hamu ya kujifunza.